Nafasi ya Kumi na Saba

Badar alikuwa mtu wa hesabu, na mwenyewe akijijua. Ukimkaribisha kahawa atakwambia sahani yako ina tende ngapi. Akenda harusini Sur, atarudi na idadi ya ngamia waliokata njia toka Al Kamil mpaka baharini. Mama yake, Bi Saleha, mzaliwa wa Malindi ya Unguja, aliyefika Ibra ya Omani mwaka wa sabini na mbili kamshika mkono Badar wa miaka sita, alikuwa na neno lake: "We Badar, mimi siku nikifa usije ukasimama mlangoni kuwahesabu walionizika." Watu wakicheka, na Badar naye akicheka, kwa sababu hesabu ndiyo iliyompa jina. Akisema ishirini na tatu, basi ni ishirini na tatu, hakuna wa kwenda kuhakikisha.

Alipostaafu serikalini akapata kazi katika ofisi ya wahandisi hapo hapo Ibra. Mkuu wa ofisi alikuwa Wiam, binti wa Maskati, miaka thelathini na moja, msomi, mpole, mwenye Kiswahili cha kuokota kwa bibi yake. Kazi aliyompa Badar ilikuwa kama imeumbwa kwa ajili yake. Mtu akitaka kujenga fleti bila ya kutenga mahali pa gari ndani ya kiwanja chake, baladia, yaani manispaa, humtaka kwanza aonyeshe kuwa wapangaji wake hawatakwenda kuwabana watu wa mtaani. Hapo ndipo Badar hutoka na gurudumu lake la kupimia na ubao wake wa karatasi. Hupima kingo za njia mita mia mbili kila upande. Kila mita tano ni nafasi moja ya gari, ukitoa mageti na kona. Kila nafasi huipa namba kwenye ramani, kisha hutazama ipi ina gari na ipi tupu, na kupiga picha.

Masharti ni mawili. Uhesabu siku mbili za kazi, baada ya sala ya alfajiri, kabla watu hawajatoka, maana gari hulala anapolala mwenyewe. La pili liko chini kabisa ya fomu, mstari mmoja: je, mtaani pana tukio lisilo la kawaida, harusi, msiba au sikukuu? Likiwapo, siku hiyo haihesabiwi. Wiam alikuwa akiwasomea wapimaji wengine mstari huo kwa sauti, kisha anasema, "Fanyeni kama Ami Badar." Huko ndiko balaa lilikoanzia, mkinisikiliza mimi. Mtu akisifiwa sana hupoteza njia ya kurudi nyuma.

Basi siku moja ikaja kazi ya mtaa wake mwenyewe. Tajiri mmoja wa Mudhaibi alinunua nyumba ya udongo iliyobomoka katikati ya mtaa, akataka kusimamisha ghorofa tano, fleti ishirini na nne, za wauguzi na walimu. Pa kuweka gari, hata moja. Mikataba itasema kwamba mpangaji hana gari, hospitali iko karibu, watu watakwenda kwa miguu. Wiam aliipenda fikra hiyo kwa moyo mmoja. Aliiona huko alikosoma, watu wanatembea, hewa safi, watoto wanacheza njiani. Badar alipomsimulia mama yake, Bi Saleha aliweka kikombe chini. "Kwa miguu? Ibra? Mwezi wa Juni?" Akacheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa mtandio.

Wiam alimuuliza Badar, "Ami, huu mtaa wako. Nitume mwengine?"

"Mtaa huu nimeukulia," Badar alisema. "Nani ataujua kuliko mimi?"

Akapewa wiki mbili. Wiki ya kwanza goti lilimuuma, akawa anasali alfajiri nyumbani na kurudi kulala. Hilo si kosa, goti ni goti. Kosa likaja Alkhamisi, Wiam alipomuuliza vipi kazi ya mtaani kwenu, naye, mbele ya wapimaji wote wawili waliofundishwa kumuiga, akajibu, "Nusu imekwisha." Nusu gani? Hakuwa amehesabu hata baiskeli. Akajiambia Jumapili na Jumatatu atahesabu, faili linatakiwa Jumatano, nani atajua?

Jumamosi mchana akafariki Mzee Hilali.

Mzee Hilali alikuwa baba yake Bi Fawziya, jirani wa nyumba ya tatu. Alikuwa muuza vitambaa, mtu wa dini na utani, na ndiye aliyemfundisha Badar kuendesha gari kwenye mchanga. Walimzika baada ya laasiri, na Badar alikuwa miongoni mwa wanne wa mbele waliobeba jeneza. Na mtaa ule una ada yake. Akifa mtu, hakuna anayetumwa wala kuambiwa. Usiku ule ule kila mwenye gari huitoa, anaishusha wadini, kule kwenye bonde kavu la changarawe nyuma ya skuli, ili wageni wa taazia wakija kutoka Sur, Mudhaibi na Nizwa wakute njia wazi na mahali pa kusimama. Siku tatu gari zinakaa wadini. Ukiona mtu wa mtaa ule kaacha gari mlangoni kwake siku ya taazia, jua kuna ugomvi usiosuluhishika.

Jumapili yote ikapita msibani. Kwa hiyo alfajiri ya Jumatatu, Badar alipotoka msikitini na ubao wake mkononi, mtaa ulikuwa mtupu, na yeye alijua kwa nini ni mtupu kama anavyolijua jina lake. Hata gari yake mwenyewe ilikuwa wadini, ameishusha yeye.

Alisimama. Alikuwa na maneno matatu tu ya kumwambia Wiam: sikuhesabu, pana msiba, nipe wiki. Angeyasema, Wiam angesema haidhuru, Ami. Lakini hapo ingembidi aseme pia ile nusu iliyokwisha ilikuwa nusu ya nini. Yeye, mtu mzima mwenye mvi, mbele ya vijana. Aibu hiyo ilikuwa ndogo, ya ukubwa wa kokwa ya tende, naye hakuitema. Akawasha tochi, akaanza kuandika. Moja, tupu. Mbili, tupu. Ya kumi na saba ilikuwa mbele ya geti la Bi Fawziya, mfiwa mwenyewe. Taa ya uani inawaka, mikeka ya wanawake imeshatandikwa. Akaandika: tupu. Jumla, nafasi arobaini na moja tupu katika hamsini na sita; zile kumi na tano zenye gari ziko upande wa barabara kuu, nje ya ada ya mtaa.

Akaenda nyumbani, akavaa dishdasha safi, na saa mbili alikuwa sablani, ukumbi wa mtaa wa kupokelea taazia, kasimama safu moja na wafiwa anapokea mikono ya watu. Jumanne alfajiri akahesabu tena. Kisha akakaa kitako akajaza fomu, na kwenye ule mstari wa chini, wa tukio mtaani, akaandika "hakuna", akatia saini.

Wiam alizitazama picha. "Mashaallah, mtaa mtupu hivi?"

"Watu wa kwetu hawana gari nyingi," alisema Badar.

Mwangalieni mtu mzima anavyosema uongo kama huo, Omani hii, ambako hata anayekwenda kununua mkate nyumba ya pili anapanda gari. Lakini aliyesema ni Badar, na Badar akisema arobaini na moja, ni arobaini na moja. Faili likaenda na kibali kikatoka.

*

Jengo lilichukua mwaka na nusu. Mwezi wa kwanza wapangaji wachache, mtaa ukapumua kidogo. Mwezi wa nne fleti zikajaa, na gari zikajaa. Hawakuwa watu wabaya. Muuguzi anatoka zamu alfajiri na kwao ni Sur. Atakwendaje kwao bila ya gari? Mwalimu ana watoto wawili. Mkataba unasema kitu kimoja na Ibra inasema kitu chengine. Jioni gari zilipanga mstari toka kona ya duka mpaka msikitini, za watu wa zamani na za watu wapya, na aliyechelewa kurudi nyumbani alikwenda kuweka yake wadini.

Aliyeumia kuliko wote ni Bi Fawziya. Mumewe, Osama, alipatwa na kiharusi mwaka ule jengo linapanda, kisha figo zikafuata. Jumamosi, Jumatatu na Jumatano lazima awe hospitali kusafishwa damu. Hatembei. Bi Fawziya ndiye dereva, ndiye muuguzi, ndiye hamali, na kitu kimoja tu kilikuwa kikimsaidia: gari kusimama mlangoni, hatua nne toka kitini mpaka ndani ya gari. Sasa akirudi hospitali anakuta mlango wake umezibwa. Anamteremsha Osama katikati ya njia, watu nyuma wanapiga honi, anamwingiza ndani, kisha anakwenda kuacha gari wadini. Siku ya kwenda ndiyo kazi zaidi. Anamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mita mia tatu na ishirini. Badar alizijua ni mia tatu na ishirini kwa sababu alizipima. Usiniulize kwa nini alizipima.

Siku moja ya Juni, saa saba mchana, jua linachoma mpaka lami inanata, Badar alikuwa kwenye dirisha la juu, linalotazama wadini. Aliwaona wamefika kwenye changarawe, gurudumu la mbele likazama, kiti kikapinduka polepole, na Osama, mtu aliyekuwa na kifua kama mlango, akaanguka kwa magoti na viganja vya mikono. Badar alitoka mbio bila ya viatu. Walipomnyanyua, viganja vimechubuka, mchanga umeingia. Osama akasema, "Si kitu, si kitu," huku kidevu kinatetemeka. Bi Fawziya hakulia. Alikuwa akimpangusa mchanga mumewe kwa ncha ya shela, akamwambia Badar, "Mungu akulipe kheri. Ungekuwa hupo wewe, ningefanyaje?"

Siku hiyo Badar hakula. Bi Saleha akamuuliza ana nini, akasema joto.

Jioni alimfuata muuguzi mmoja, Ahlam, mtoto wa Sur, ambaye gari yake ndiyo iliyokuwa ikisimama pale mlangoni mara nyingi. Akamweleza kwa upole habari za mgonjwa. Yule binti alishika mdomo. "Ami, nisamehe, sikujua. Mimi nilipochukua fleti nilimwambia mwenye nyumba nina gari. Akanionyesha karatasi ya wahandisi. Akasema usiwe na wasiwasi, mtaa huu una nafasi arobaini na moja tupu kila siku."

Kuanzia siku hiyo Ahlam hakuweka tena gari pale. Lakini walikuwepo wengine ishirini, na wote wameonyeshwa karatasi ile.

Basi Badar akajitungia adhabu yake ya siri. Kila jioni akaiweka gari yake mwenyewe kwenye nafasi ya kumi na saba, kumshikia Bi Fawziya mahali wengine wasipazibe, na kila Bi Fawziya anapokuja anaitoa yake ili aingie. Siku za hospitali anaamka, anatoa, anasubiri, anarudisha. Akadhani kwa njia hiyo atalala. Wapi. Bi Fawziya alianza kumsifu. Alimsifu kwa wanawake wa soko la Jumatano, alimsifu kwa imamu, alimsifu kwa Bi Saleha uso kwa uso: "Mama, wewe umezaa." Na Bi Saleha, ambaye hakuwahi kumsifu mwanawe hata siku moja bila ya kumchoma sindano, aliinamisha kichwa akasema, "Alhamdulillahi." Badar alikuwa pale, kashika birika la kahawa. Alitamani sakafu ipasuke.

Mficha uchi hazai, walisema wazee, nao walisema kweli. Angekiri siku ile angekuwa amejizaa upya. Alimimina kahawa.

Baada ya wiki mbili Bi Fawziya alimjia na ombi. "Badar, ndugu yangu, wewe unajua lugha ya maofisi. Nisaidie kuandika malalamiko baladia. Nataka ule mlango uwekewe alama ya mgonjwa, na nataka kujua nani aliyesema mtaa huu una nafasi."

Alimwandikia. Ndiyo, kwa mkono wake, Kiarabu safi, aya tatu, kila koma mahali pake. Alijiambia barua kama zile hujibiwa baada ya mwaka au hazijibiwi kabisa. Hii ilijibiwa baada ya wiki tano. Ombi la alama linafikiriwa. Ama kuhusu kibali, kilitolewa kwa mujibu wa hesabu ya maegesho iliyowasilishwa na ofisi ya wahandisi, na nakala yake imeambatishwa.

*

Bi Fawziya alikuja asubuhi, Badar anamwagilia mlimau kando ya geti. Alikuwa na karatasi mkononi, hakuikunja. Hakusema asalamu alekumu.

"Hii saini yako?"

Badar aliitazama kana kwamba ana haja ya kuitazama. "Yangu."

"Tarehe hizi, Jumatatu na Jumanne. Jumatatu hiyo saa mbili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Sablani."

"Ukifanya nini?"

"Nikipokea watu."

"Watu wa taazia ya nani, Badar?"

Maji yalikuwa yanamwagika juu ya miguu yake. "Ya baba yako."

Bi Fawziya akaweka kidole chini ya ukurasa, kwenye ule mstari mmoja. "Hapa wameuliza kama pana msiba. Umeandika hakuna."

Badar alikuwa na sababu zake, goti, Alkhamisi, wapimaji wawili, na zote zilikuwa mdomoni, lakini hapakuwa na hata moja inayoweza kutoka mbele ya uso ule.

"Ulimbeba," Bi Fawziya akasema. "Nilikuona. Mkono wa kulia, mbele. Ukamweka kaburini, kisha ukaja mlangoni kwangu na tochi ukaandika hakuna."

Kutoka ndani Bi Saleha akaita, "Nani huyo? Fawziya? Ingia mwanangu, kahawa iko motoni."

Badar alifumba macho. Akajua sasa ndio mwisho, mama yake atasikia, mtaa utasikia, na jina lake litaburutwa toka Ibra hadi Nizwa. Lakini Bi Fawziya aliinua sauti, ile ile ya kila siku, laini. "Siku nyengine, Bi Saleha. Nimemwacha mgonjwa peke yake."

Akaondoka. Na hakumwambia mtu. Badar alingoja wiki ya kwanza, akangoja ya pili. Msikitini wanamsalimia kama kawaida, dukani kama kawaida. Jioni alipoiweka gari kwenye nafasi ya kumi na saba na asubuhi akaitoa, Bi Fawziya aliingia, akatoka, hakumtazama. Mfa maji haachi kutapatapa, naye aliendelea kuitoa na kuiweka. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na huyu mwosha alikuwa kanyamaza, na kule kunyamaza kwake kukawa ndiko kunakomuumiza. Angemtukana, angepata wa kumkasirikia.

Mara mbili alifika mpaka mlangoni mwa Wiam ofisini. Mara zote mbili Wiam alinyanyua kichwa akasema, "Ndiyo, Ami?" kwa ile heshima yake, naye akauliza habari za karatasi za kuchapishia.

*

Bi Saleha alifariki Jumapili, baada ya kunywa chai na kulalamika kuwa imezidi hiliki. Hakuugua. Walimzika laasiri. Kabla ya magharibi Badar aliishusha gari yake wadini, kwa sababu mtaa una ada yake, na hakutazama nani mwengine anashusha. Usiku aliulizwa maneno akajibu, akaletewa chakula akala. Alfajiri ya Jumatatu akatoka kwenda msikitini.

Mtaa ulikuwa mtupu.

Zimeondoka za majirani, na za wauguzi pia, na za walimu, watu waliomjua Bi Saleha miezi tu, au wasiomjua kabisa. Ahlam alikuwa amegonga mlango hadi mlango usiku, kuwaambia wenzake ada ya hapa. Njia nyeupe, pana, toka dukani mpaka msikitini. Badar alisimama pale pale aliposimama mwaka ule na tochi. Hakutaka kuhesabu. Macho yalihesabu yenyewe. Moja, tupu. Mbili, tupu. Akafika ya kumi na saba, nayo ilikuwa tupu.

Na ilikuwa Jumatatu. Siku ya hospitali.

Akasikia magurudumu. Bi Fawziya alikuwa anatoka getini kinyumenyume, anakivuta kiti juu ya kizingiti, kisha akakigeuza kuelekea wadini, mita mia tatu na ishirini, ambako yeye mwenyewe aliishusha gari yake kwa ajili ya wageni wa taazia ya mama yake Badar. Osama kafunikwa shali magotini. Alipomwona Badar alinyoosha ule mkono mmoja unaofanya kazi.

"Pole, Badar. Mungu amrehemu mama."

Badar alishika ule mkono. Machozi yalimtoka hapo, ambayo hayakumtoka kaburini, na hayakuwa ya mama yake yote. Alikuwa anaona haya, haya ya mtoto aliyekutwa na mkono ndani ya mfuko wa mgeni, na yeye ana miaka hamsini na tisa.

Bi Fawziya alimtazama, mara ya kwanza tangu ile asubuhi ya mlimau. "Shika upande huu," akasema. "Kwenye changarawe huwa panazama."

Wakamsukuma wote wawili mpaka garini.

Siku ya tatu ya taazia ilipomalizika na mikeka kukunjwa, Badar alikwenda ofisini. Wiam alisimama ampe mkono wa pole, Badar akamzuia. Akamwambia yote amesimama, goti, nusu ya kazi, tochi. Wiam alikaa chini taratibu. Hakuguta. Alisema tu, "Lakini mimi niliwaambia wafanye kama wewe," na uso wake ukawa wa mtoto. Kisha akasema ni lazima baladia wapewe kwa maandishi, na kwamba yeye pia ataandika lake, kwa sababu aliziona picha na hakuuliza mara ya pili. Ghorofa tano hazibomoki kwa barua, hilo Badar alilijua. Labda mlango ule utapata alama yake. Labda wapangaji watatafutiwa mahali. Jina lake halitapata kitu, na halikustahili.

Barua aliiandika palepale, kwenye meza yake ya siku zote. Kisha kabla ya kuipeleka baladia akapita kwa Bi Fawziya, akabisha, akaitoa akampa. Bi Fawziya aliisoma kasimama getini. Aliisoma mpaka mwisho, akarudi katikati.

"Hapa umeandika, mtaani palikuwa na msiba."

"Ndiyo."

"Msiba wa nani?"

Badar alitoa kalamu mfukoni. Akaiegemeza karatasi kwenye geti la chuma, akaandika juu ya mstari: wa Mzee Hilali bin Mbaraka, muuza vitambaa, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliombeba.

Bi Fawziya aliisoma tena. Akamrudishia.

"Sasa ipeleke," akasema, akafunga geti.